Mkaa na Chumvi Pembeni mwa Mlango

Marahaba, marahaba wote. Kaeni. Na wewe uliyesimama hapo mlangoni, kaa, hilo benchi nimelipiga misumari mwenyewe, halina kitu chini yake.

Nimesikia mmetupa majembe. Neema amenisimulia. Mmechimba mtaro wa faiba vizuri tu kutoka barabara kuu, mkaingia mtaani kwao, nyumba ya kwanza mkakuta chuma kimesimikwa ardhini pembeni mwa mlango, kimezungukwa na mkaa na chumvi. Mkatazamana. Nyumba ya pili, chuma, mkaa, chumvi. Ya tatu vilevile. Hapo mmoja wenu akamwita mama yake aliyeko Mbeya, na wote mkatoka mbio mpaka stendi. Mwee! Siwacheki. Yaani nawacheka kidogo.

Najua mlivyoagwa nyumbani mliposema mnakwenda Sumbawanga. Msile kwa mtu. Msiokote kitu. Msibishane na mzee. Halafu juzi mnakuta mkaa na chumvi kwenye milango ya watu, nani asingekimbia? Lakini msimamizi wenu amesema msiporudi kesho asubuhi, faiba itanyooka na barabara kuu, mtaa ule utarukwa. Ndiyo maana Neema amewaburuta mpaka hapa Malangali. Ana duka la kupiga chapa, wanafunzi wanakuja kwake kutuma maombi ya vyuo, naye anabeba kompyuta yake kama mtoto mgonjwa mpaka ukuta wa kanisa mtaa wa pili, kwenye intaneti ya watu. Mtaa ule umesharukwa mara moja, wanangu. Nilikuwepo.

Vyuma vile si uchawi, na asili yake naijua. Ila sitawaambia msiogope. Nimepanda nguzo za simu tangu nina nywele nyeusi, na siku zote nilipanda nikitetemeka. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mwoga ndiye huyu mnayemwona anakula mahindi ya kuchoma kwa meno yake mwenyewe.

Aliyenifundisha uoga ni Mzee Kilian. Yeye ndiye aliyenipokea kazini, mtu mfupi, mkali, na vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimejikunja havikunjuki. Siku ya kwanza alinipa mkono huo nimsalimie, akaushikilia wangu, hakuniachia. Akasema, "Umevisikia? Hivi vilikuwa vinapiga gitaa. Nilipokea simu ya majaribio wakati mawingu yako Mtowisa, huko chini bondeni kabisa. Hapa kwetu jua linawaka. Nikasema mvua iko mbali. Mvua ilikuwa mbali, lakini waya ulikuwa umefika huko." Basi. Somo lote la radi alilimaliza hapo, mengine nilijifunza kwa kuona.

Kazi yenyewe ilikuwa na vituko. Bondeni huko, wafugaji walipohamia na mifugo yao kutoka kaskazini, ng'ombe walikuwa wanajikuna kwenye nguzo zetu mpaka zinalala. Tukizisimamisha, wiki ijayo zimelala. Mzee Kilian akaenda kwa mwenye ng'ombe, wakanywa maziwa, wakasimika gogo kubwa la kujikunia karibu na zizi, na nguzo zetu zikapona. Njia ya Matai tatizo lilikuwa jingine: shaba. Laini inakatika, unafuata waya, unafuata, unakuta kipande chote hakipo, halafu Jumapili kanisani unaona mabinti wamevaa bangili zinazong'aa. Unapokea komunyo huku unaitambua kazi yako. Kwa hiyo mkisikia watu wanasema mahali fulani pana mtandao na mahali fulani hapana kwa sababu ya umaskini, au kwa sababu ya milima, kubalini, ni kweli. Wateja wachache, mwekezaji haji. Lakini ulizeni pia ng'ombe walijikuna wapi, na bangili zilitoka nguzo ipi. Na nani alimwogopa nani.

Sasa Mama Skola.

Ilikuwa miaka ile soko huria lilipoingia. Zamani simu ilikuwa ya ofisi, ya misheni na ya mkubwa fulani. Ghafla tukaambiwa mtu yeyote anayeweza, apewe. Na wanunuzi wa mahindi nao wakaanza kuja na malori yao, kila mmoja na bei yake, maana sasa hapakuwa na ushirika wa kumpangia mtu. Mama Skola alikuwa mjane, bibi yake huyu Neema, anakusanya maharage na ulezi kwa wakulima na kuyauza. Mwanamke wa kicheko kikubwa, ukimsikia hapa ujue yuko sokoni. Akaja ofisini akasema, "Naitaka simu. Lori likifika hapa likaniambia bei ya Tunduma, nataka niwe nimeshaiuliza Tunduma yenyewe. Na majirani watapigia kwangu, sitawanyima."

Alikuwa wa kwanza mtaa ule. Mpango ulikuwa nguzo zipite kwake, zikate mtaa mzima, zitokee upande wa pili. Tukavuta waya mpaka kwake, tukafunga kinga radi ukutani, kakopo kadogo ka kuipokea radi kabla haijafika kwenye simu. Kutoka kwenye kakopo unateremka waya wa ethi mpaka kwenye fimbo ya shaba iliyozama ardhini. Radi ikija, inapewa njia: shuka huku, mama, nenda ardhini, usiingie ndani. Ndiyo kazi ya ethi, hakuna nyingine.

Lakini udongo wa pale ni mkavu, una changarawe. Fimbo peke yake haishiki ardhi vizuri. Dawa yake, na mafundi wa umeme mpaka leo wanaifanya, ni kuchimba shimo pana kidogo, unaizungushia fimbo mkaa uliopondwa na chumvi, unamwaga maji. Mkaa unatunza unyevu, chumvi inaisaidia ardhi kupitisha umeme. Nimetumia neno dawa? Ala! Na siku ile nililitumia. Majirani wamesimama kwenye ua wa mabua, wanatazama, nami nasema kwa sauti, "Mama Skola, ongeza chumvi, hii ndiyo dawa ya radi."

Hata bila neno hilo, tazameni walichokiona. Sumbawanga. Mjane mwenye uwezo. Mtu mgeni amechimba mlangoni kwake, amesimika kitu, ametia mkaa, ametia chumvi, amemwaga maji, amefukia. Hapa kwetu hiyo ina jina, na jina lake si simu. Ni zindiko. Nyumba imezindikwa. Na watu wetu wanajua kwamba radi ikizuiwa nyumba moja hairudi mbinguni, inatafuta jirani.

Jirani alikuwa Mzee Gaspari.

Mvua za kwanza zilipoanza, alikuwa shambani nyuma ya nyumba na ng'ombe wake wa plau. Radi ikapiga. Mzee Gaspari akaanguka, akaamka. Dume lake halikuamka. Nyinyi mnaendesha pikipiki, hamwelewi. Dume la plau ndilo mkono wa mtu. Ukilikosa mwanzo wa mvua, watoto watakula nini mwaka mzima? Mzee yule alikaa karibu na mzoga, hakulia. Akageuka akatazama nyumba ya Mama Skola, waya unaotoka barabarani ukaingia pale, na ile ardhi mbichi pembeni mwa mlango. Nani angemshawishi kwamba mambo hayo mawili hayajuani?

Kesho yake Mama Skola alikuta matita ya nyasi kavu yamepangwa kwenye ukuta wake. Hakuna aliyesema ameyaweka. Nyumba yake ilikuwa ya ezeko la nyasi nusu na bati nusu, na kila mtu alielewa matita yale yanasubiri kiberiti.

Balozi wa nyumba kumi akaniita. Nilipofika watu walikuwa wamejaa uani, na kilichonitisha ni kwamba walikuwa watulivu. Kelele unaweza kuzituliza. Ule ukimya, hapana. Nikaeleza. Nikaeleza tena. Kinga radi, waya, ardhi. Mzee Gaspari akanisikiliza mpaka mwisho, mtu wa adabu, halafu akasema, "Fundi, unasema si dawa."

"Si dawa, baba."

"Ni chuma tu."

"Ni chuma tu."

"Basi sawa. Mvua ya leo ikija, kaa ndani naye. Wewe, yeye, na hicho chuma chenu. Kama ni cha serikali, hakina neno."

Watu wakaitikia. Balozi akanitazama kama mtu anayeomba msamaha. Yesu na Maria! Mimi, ninayejificha uvunguni redio ikikoroma tu kwa radi ya mbali! Nilitafuta pa kutokea, nikaona matita yale ya nyasi, nikamwona Mama Skola amesimama mlangoni na kanga yake ameikaza kiunoni. Hakucheka. Sikuwahi kumwona hajacheka. Nikasema, "Nitakaa." Sauti iliyotoka haikuwa yangu.

Mvua ya Ufipa haikunyemelei. Unaiona inapanda kutoka bondeni, mchana kweupe, weusi unatembea, halafu upepo baridi, halafu kuku wanakimbilia ndani. Nilimwelekeza Mama Skola kama nilivyofundishwa na Mzee Kilian: tukae katikati ya chumba, mbali na ukuta, mbali na simu, kwenye vigoda vikavu vya mti, miguu pamoja. Yeye akafunika kioo kwa kanga, akaingiza sufuria zinazong'aa chini ya kitanda, maana ndivyo tunavyofanya kwetu. Sikumkataza. Siku ile hata angeniambia nimeze ufunguo ningeumeza.

Akachukua ungo akaanza kuchambua maharage.

"Mama, unaweza kuchambua?"

"Nisipochambua nitapiga kelele," akasema. "Na wakisikia kelele watasema naita wenzangu."

Mimi nikatoa rozari. Nilianza matendo ya furaha, nikajikuta kwenye ya uchungu, nikarudi, sijui nilikosea wapi, Mama Maria atakuwa alichoka na mimi. Ngurumo zikasogea. Simu ukutani ikalia "ti," kengele moja, bila mtu kupiga. Mama Skola akauliza, "Nani huyo?" Nikamwambia ni radi ya mbali imegusa waya. Ikalia tena, "ti, ti." Kila ikilia, maharage yanamwagika kidogo. Nilijua kila nati niliyoikaza kwenye ile kinga, na kila moja niliitilia shaka. Je, ile ya chini niliikaza? Mkaa ulitosha? Maji?

Halafu chumba kikawa cheupe.

Sikusikia mlio. Nilisikia kifuani. Kinga radi ukutani ilitema cheche ya buluu, harufu ya kitu kilichoungua ikajaa, ungo ulikuwa chini, maharage kila mahali, na mimi nilikuwa nimemkumbatia Mama Skola kama mtoto, bila haya yoyote. Kisha nikasikia mvua inapiga bati. Nikasogeza vidole. Vyote vinakunjuka. Nikamwambia, "Tuko hai." Akasema, "Niachie basi, unanibana."

Ethi ilikuwa imefanya kazi. Radi ilipiga nguzo, ikaja na waya, ikashuka ardhini pembeni mwa mlango kama nilivyoielekeza. Simu iliungua, sisi hatukuungua. Nilijisikia nataka kuimba! Tukafungua mlango tukatoka, mvua inaisha, majirani wote wamesimama kwenye upenu wa Mzee Gaspari. Nikainua mikono. Nikasema, "Mmeona? Mmeona wenyewe?"

Kina mama wakawavuta watoto wao nyuma.

Mzee Gaspari akasema polepole, "Tumeona. Radi imeingia ndani na moto wake tumeuona dirishani. Na hamkufa." Akavua kofia. "Mtu ambaye radi inamwingilia nyumbani na hafi, huyo si wa kuchezewa."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nyumbani mle nilikuwa na njia, kaa katikati, weka miguu pamoja. Pale nje sikuwa na ethi ya kitu kama kile. Tungekufa, tungekuwa tumeadhibiwa. Tumepona, tumethibitisha.

Matita ya nyasi waliyaondoa siku ileile. Hakuna aliyethubutu tena kumchoma Mama Skola. Lakini kisimani walimpisha akifika, wote, ndoo zikiwa tupu. Maharage hawakumletea. Salamu waliitikia wakitazama chini. Na jioni zikaanza hodi. Mtu anapiga hodi, Mama Skola akifungua hakuna mtu, pameachwa majivu kidogo au yai. Hawakuwa na nia ya kumdhuru, nadhani. Walikuwa wanajilinda naye.

Siku moja akaja ofisini, amekonda, akasema, "Fundi, njoo uking'oe."

Nikambishia. Nikamwambia mvua bado nyingi, laini ipo, bila ethi ni hatari. Akanijibu maneno ambayo nikiwa peke yangu nayasikia mpaka leo: "Na radi nilikaa chumba kimoja. Ninachoogopa ni hodi."

Tukang'oa. Mchana, mbele ya watu wote, yeye mwenyewe alishika jembe. Akatoa fimbo, akaukusanya mkaa wote kwenye karai, akaumwaga barabarani watu wauone. Nikatoa kinga, nikatoa simu iliyoungua, nikaukunja waya nikirudi nyuma nguzo hadi nguzo, na machozi yalinitoka, sitawaficha. Nguzo zilizokuwa zivuke mtaa ule tukazipeleka na barabara kuu, zikapita Malangali. Mnajua njia hiyo? Ndiyo mliyopita na mtaro wenu. Waya mpya hufuata njia ya waya wa zamani, kwa sababu kibali kipo, nguzo zipo, ramani ipo. Mkiambiwa mtaa ule haujafikiwa na miundombinu, ni hivyo. Ulirukwa kwa sababu ya mkaa wa mlangoni kwa mjane mmoja.

Na vyuma mlivyovikuta? Hapo sasa ndipo mcheke. Wiki haijaisha tangu tuing'oe ile fimbo, wakaanza kunijia. Mmoja mmoja, kwa kunong'ona. "Fundi, ile ya mkaa na chumvi, na mimi nisaidie." Simu hawaitaki, wanataka kile ambacho radi haikukiweza. Niliwaambia chuma bila waya na kinga hakizuii kitu, ni chuma kimelala. Wakaitikia "Ee, fundi, tumeelewa," wakaenda wakazika kimyakimya vipande vya plau, mashoka mabovu, ringi za baiskeli, wakatia mkaa na chumvi, na mpaka leo kila mwanzo wa mvua wanaongeza. Mzee Gaspari naye alikuja. Wa mwisho. Alikaa hapohapo ulipokaa wewe, akazungukazunguka na habari za mahindi, mpaka nikamwambia, "Baba, sema." Akasema. Nilimjibu kama wengine. Naye akaenda akazika.

Miaka ikapita, mambo yakapoa. Mama Skola alizeekea mtaani kwake, kicheko kikarudi, si chote. Alipofariki kwa ugonjwa wa kawaida, wote walikuja msibani, walipika, walilia kwa uchungu wa kweli, na Mzee Gaspari alishika jeneza. Hakuna aliyesema neno juu ya simu.

Sasa nyinyi. Faiba ni kioo, haiiti radi, mshukuru Mungu. Lakini kile kisanduku mtakachofunga pale mtaani kinatumia umeme, na kisanduku chenye umeme juu ya uwanda huu bila ethi ni kichaa. Kwa hiyo mtasimika fimbo. Udongo ni uleule. Mtatia mkaa, mtatia chumvi, mtamwaga maji. Na kitakaa kwenye ukuta wa duka la Neema, maana ndiye mteja wa kwanza.

Mnaona kwa nini tangu juzi silali? Naogopa, wanangu. Kichwa chote cheupe na bado naogopa.

Nisikilizeni basi. Fanyeni mchana. Waiteni majirani kabla ya jembe la kwanza, siyo baada. Chumvi msiimwage nyinyi. Leo asubuhi nilikwenda kwa Mzee Gaspari, haoni vizuri siku hizi, nikamwomba yeye ndiye aitie chumvi kwa mkono wake, mbele ya watu wake. Akaniuliza, "Ni ileile?" Nikamwambia ni ileile. Nilipoondoka alikuwa anamwita mjukuu amtafutie fimbo yake ya kutembelea.

Nami nitakuwepo. Mtaro wenu ukifika mlango wa kila nyumba pale, mtakuta chuma, fukieni mpite, msiseme kitu. Iko nyumba moja tu ambayo mlangoni hamtakuta kitu, mwenyewe alikitoa kwa mkono wake ili majirani walale. Anaishi Neema sasa, na duka lake liko hapohapo. Anzieni hapo.